Chora kwanza kinachokufa kwanza

Wanaojifunza kuchora vitu vilivyotulia hapa Bagamoyo huanza na chungu, maembe na kipande cha kanga. Si vibaya, ila maembe hayo kila mtu keshayaona. Nakushauri ushuke pwani bamvua, yaani maji kujaa kuliko kawaida, likishapita, uangalie maji yameacha nini pembeni mwa mikoko.

Mimi napenda komafi, tunda la mkomafi, mmoja wa miti ya mikoko, lenye ukubwa wa balungi. Likipasuka utaona mbegu zimebanana, kila moja na pembe zake, na ukishazitenganisha kuzirudisha kama zilivyokuwa ni kazi ya mchana kutwa. Okota vilivyoanguka tu. Mikoko ni msitu wa hifadhi, huruhusiwi kuikata bila kibali. Kaa naye usimuue kwa ajili ya picha, maana hujivua gamba akikua, na gamba hilo tupu linatosha. Kombe la tondo, konokono wa mikokoni, lichungulie ndani kwanza. Huenda kuna kaa mdogo kahamia humo, na ukigeuka tu utakuta kombe limeshatembea hadi ukingo wa meza.

Ua la mlilana, mkoko mwingine, lina haraka kuliko vyote. Hufunguka usiku, na asubuhi nyuzi zake nyeupe zinadondoka. Kwa hiyo lichore kwanza, hata kwa taa, kisha majani, kisha gamba. Komafi litakusubiri.

Acha dirisha moja wazi, mengine yafunike. Kivuli usikipake nyeusi ya kwenye chupa: changanya buluu na kahawia nyekundu. Chumba chenye kuta za chokaa hurudisha mwanga, kwa hiyo hata upande wa giza wa komafi una rangi yake, ukitulia utaiona. Rangi ya akriliki hukauka upesi kwenye joto letu. Kamua kidogo kidogo, na chupa ya kupulizia maji iwe karibu.

Watalii watakuuliza tembo yuko wapi. Wamezoea michoro ya Tingatinga, mtindo ulioanzishwa na Edward Saidi Tingatinga jijini Dar es Salaam miaka ya 1960, wa rangi za kung'aa juu ya hadibodi. Naupenda, lakini huo hauhangaiki na vivuli, na sisi vivuli ndiyo kazi yenyewe. Nyuma ya turubai andika jina la mti na mwezi ulipookota tunda. Wateja wa bara huuliza mkomafi ni mti gani, na mara nyingi maongezi hayo huanza kabla bei haijatajwa.