Usiipange upya diski hiyo kabla hujanakili picha zako

Mkuu mleta mada, ikiwa bado hujabonyeza kitufe cha kuanza, ondoa mkono kwenye hiyo kompyuta na unisome kwanza. Umeandika kwamba folda zako za picha za harusi huchukua dakika nzima au zaidi kufunguka, kwamba ule mstari wa kijani juu ya dirisha hutambaa kisha husimama, na kwamba fundi amekushauri usiku wa leo uipange upya diski yote (yaani kukusanya pamoja vipande vya mafaili vilivyotawanyika), uikague kwa amri ya chkdsk, na ikishindikana upige Windows upya. Umeuliza pia kama uongeze RAM (kumbukumbu ya muda ambayo kompyuta hufanyia kazi), ni programu gani inafaa kutazamia picha ghafi za kamera, na namna ya kuzipanga picha kwa tarehe. Lakini katika maelezo yako kuna sentensi moja uliyoipita kwa haraka, nayo ndiyo iliyonifanya niache kazi iliyokuwa mezani kwangu: umesema folda ya mwezi Februari hukwama kila mara kwenye picha ileile.

Kompyuta iliyozidiwa na kazi haichagui picha ya kukwamia. Unapofungua folda, Windows husoma orodha ya mafaili, kisha hutengeneza kijipicha cha kila picha na kukihifadhi kwenye akiba yake, ili safari ya pili isilazimike kuifungua tena picha nzima. Ndiyo maana folda yenye picha 2,000 huweza kusuasua mara ya kwanza na kufunguka upesi mara ya pili. Mchangiaji wa hapa jukwaani aliyekwambia ufute akiba ya vijipicha alikuwa na tatizo la namna hiyo, na kwake dawa ilifaa. Diski inayokwama mahali palepale kila siku ina tatizo jingine kabisa. Kuna sehemu ya sahani yake (bamba la sumaku linalozunguka ndani ya diski) ambayo kichwa cha kusomea hakiisomi tena kwa mara moja, kwa hiyo hurudia, na kurudia, na kurudia, na muda wote huo Windows hungoja ikiwa imeduwaa. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ufungue Task Manager, dirisha linaloonyesha kompyuta inafanya nini, kisha tazama mstari wa diski wakati folda hiyo inapofunguka. Ukiona diski imefika asilimia 100 ya shughuli huku kasi ya kusoma ikiwa kilobaiti chache tu kwa sekunde, basi diski yako ni mgonjwa, na ushauri uliopewa utaimaliza.

Nayasema haya kwa sababu mwaka 2019 nilipewa ushauri huohuo, karibu neno kwa neno, nami nikautii.

Studio yangu ipo Buzuruga, Mwanza. Wakati ule nilikuwa na kompyuta ya mkononi yenye diski ya terabaiti 1, ya sahani zinazozunguka mara 5,400 kwa dakika, na betri yake ilikuwa imekwisha kufa, hivyo kila umeme ulipokatika kompyuta nayo ilizimika papo hapo, diski ikiwa katikati ya kazi. Ndani yake mlikuwa na picha za miaka minne, kama gigabaiti 300: harusi na sendofu, ngoma za Bulabo, sherehe ya Wasukuma kule Bujora, ambako makundi ya wachezaji ya Wagika na Wagalu hushindana kuvuta watazamaji, akina mama wakianua dagaa Mwaloni Kirumba kabla mvua haijawafikia. Hazikuwa na nakala mahali pengine popote. Memori kadi nilikuwa nazifuta kila wiki ili nikapigie sherehe nyingine.

Mwezi ule nilikuwa nimepiga sendofu ya binti mmoja wa Nyakato. Bibi yake alivuka ziwa kwa meli kutoka Nansio, kisiwani Ukerewe, ili aje kumwona mjukuu wake akiagwa, na ingawa aliwekewa kiti cha mbele, alikataa kupigwa picha akiwa amekaa. Alisimama wima, mkono mmoja juu ya fimbo, mwingine begani kwa bibi harusi. Nilimpiga picha kama 40. Nilipozirudia jioni ile kwenye kioo cha kamera nilijua kwamba hizo ndizo picha bora nilizopata mwaka ule.

Siku tisa baadaye folda ile ilianza kufunguka kwa taabu. Nikaipeleka kompyuta kwa fundi mmoja wa mjini, mtu mwenye wateja wengi na maneno mengi. Hakupima kitu. Alinisikiliza kwa dakika mbili, akaniambia kwamba mafaili yamesambaa, niipange diski upya, kisha niiendeshee chkdsk yenye ile alama ya r, nilale, na asubuhi itakuwa kama mpya. Nikamlipa shilingi 15,000 na nikamshukuru.

Nilianza saa tatu usiku. Sasa nakuomba uelewe kile nilichokuwa naiamuru diski ile ifanye, maana mimi sikukielewa. Kuipanga upya diski, ambako mafundi wengi hukuita difragi, ni kuvisoma vipande vya kila faili vilivyotawanyika na kuviandika upya mahali pengine ili vikae pamoja. Kwa diski ya sahani isiyo na ugonjwa, hiyo ni kazi ya kawaida na ina faida yake. Kwa diski inayougua ni kumchukua mgonjwa wa moyo na kumpandisha kilima cha Bugando kwa miguu akiwa na gunia la mchele kichwani. Kichwa cha kusomea hupita juu ya sahani saa baada ya saa, kikilazimishwa kurudi mara nyingi kwenye zile sehemu dhaifu, na picha zilizokuwa salama upande mzima hunyanyuliwa na kwenda kuandikwa upande ambao hakuna anayejua kama bado ni mzima. Ilipofika saa saba usiku kazi ilikuwa imesimama kwenye asilimia 11. Badala ya kuizima kompyuta na kuiacha ipumzike, niliikatisha kazi hiyo na kuanzisha ile ya pili.

Amri ya chkdsk yenye alama ya r hujaribu kusoma kila sehemu ya diski, kisha huziweka alama zile zilizoharibika ili zisitumike tena. Imeundwa ili mfumo wa mafaili uwe sawa na Windows iendelee kufanya kazi, na hilo hulitimiza vizuri. Haikuundwa kuokoa picha. Kipande cha faili kisichosomeka huachwa, faili hubaki na jina lake na ukubwa wake, lakini ndani lina pengo. Saa kumi alfajiri niliamshwa na mlio: tak, tak, tak, kimya kidogo, tena tak, tak, tak. Nilikaa gizani nikiusikiliza kwa dakika kadhaa kabla ya kuchomoa waya, na dakika hizo nazo nazijutia.

Niliipeleka diski Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,100 kwa basi kutoka Nyegezi, nikiwa nimeifunga ndani ya taulo mapajani. Mtaalamu aliyeifungua alinionyesha duara lililochanika juu ya sahani. Alinieleza kwa upole kwamba picha huandikwa kwenye utando mwembamba sana wa sumaku, na kwamba utando ukishakwanguliwa huwa vumbi, na vumbi hilo halisomeki kwa mashine yoyote. Alifanikiwa kutoa sehemu ndogo. Katika picha 40 za bibi zilirudi 3, na katika zote 3 nusu ya juu ilionekana vizuri, paa la ukumbi na mapambo ya vitambaa, halafu kuanzia usawa wa nyuso kwenda chini ilikuwa kijivu kitupu.

Miezi mitano baadaye mama wa binti yule alikuja studio asubuhi na mapema. Bibi alikuwa amefariki usiku, na familia ilitaka picha ya kuweka juu ya jeneza. Fedha zao, shilingi 850,000, nilikuwa nimekwisha kuzirudisha, na hakuja kudai kitu. Aliniambia tu, "Mwanangu, tutafutie hata moja." Sikuwa nayo hata moja.

Yule fundi nilimfuata. Alinijibu kwamba diski ilikuwa imekufa tayari kabla sijafika kwake, na wateja waliokuwa pale wakatikisa vichwa wakimkubali. Jibu hilo linanichoma hadi leo, kwa sababu si kweli na yeye alipaswa kulijua. Diski iliyokufa haifungui folda. Ile yangu ilifungua, polepole, lakini ilifungua zote isipokuwa moja. Gigabaiti 300 kwa kasi ya megabaiti 30 kwa sekunde, ambayo hata tundu la zamani la USB 2.0 huifikia, ni chini ya saa 3. Hata kama ugonjwa ungeipunguzia kasi hadi theluthi yake, ningeamka asubuhi picha karibu zote zikiwa kwenye diski nyingine, kisha yeye angefanya majaribio yake apendavyo. Mtu anayepokea fedha za watu kwa kazi hii, halafu anamwamuru mteja aitese diski bila kumuuliza kama picha zake zina nakala, anacheza na vitu asivyoweza kuvirudisha. Na leo nakuta ushauri uleule unazunguka kwenye simu za watu kama vile umetoka kitabuni.

Kwa hiyo sharti langu ni moja, na vijana wa studio wamenipa jina la Bwana Nakili kwa sababu yake, nami nimelipokea kwa mikono miwili: nakili kwanza, gusa baadaye. Picha zikiwa mahali pamoja tu, usipange upya, usikague, usifomati, usipige Windows, usisakinishe hata programu ya kusafishia.

Tafuta diski ya nje yenye nafasi ya kutosha. Weka kompyuta juu ya meza ngumu, si kitandani, na iwe na betri inayoshika chaji. Tumia amri ya kunakili na kamwe usitumie ile ya kukata. Anza na folda ambazo wenyewe hawawezi kusimama tena mbele ya kamera, yaani zenye wazee na marehemu, kisha kazi ambazo hujazikabidhi, kisha nyingine. Folda ya Februari iwe ya mwisho kabisa, kwa sababu kila jaribio la kuisoma huidhoofisha diski, na si haki picha za miezi 11 zipotee kwa ajili ya mwezi mmoja. Ukifika kwenye picha iliyokwama, iruke uendelee. Ukisikia mlio kama ule nilioueleza, zima saa hiyohiyo na usiiwashe tena.

Zikishatoka zote zinazotoka, kwa ile Februari iliyobaki ipo programu ya bure iitwayo ddrescue, inayoendeshwa kwenye Linux, mfumo endeshi mwingine tofauti na Windows. Yenyewe hufuata utaratibu huohuo: huchukua kwanza sehemu zinazosomeka kwa urahisi, huandika kwenye faili la kumbukumbu zile zilizogoma, halafu ndipo huzirudia moja baada ya nyingine. Ikikatishwa njiani huendelea pale ilipoishia. Usiifanye peke yako mara ya kwanza, kwa sababu ukikosea kati ya diski ya kusomwa na ya kuandikiwa utafuta ulichokuwa unakiokoa.

Ukitaka kuhakikisha kwamba sikutishi bure, diski hujiwekea kumbukumbu za afya yake, na programu ya CrystalDiskInfo huzionyesha bila kuichosha. Rangi ya buluu ni nzima, njano ni tahadhari, nyekundu ni mbaya. Tazama mistari mitatu, ya 05, C5 na C6: wa kwanza ni sehemu ambazo diski imekwisha kuzibadilisha kwa sehemu za akiba, wa pili ni zile zinazosubiri kuamuliwa, wa tatu ni zile zilizoshindikana kusomeka. Namba za mwisho wa mstari huandikwa kwa mfumo wa 16, kwa hiyo usishangae kukuta herufi ndani yake. Zikiwa sifuri zote, nitafurahi kuwa nimekosea. Iendeshe ukiwa umeiweka kwenye flashi, si kwenye diski hiyohiyo.

Kuhusu RAM, usinunue sasa. Hakuna RAM itakayosoma sehemu ya sahani isiyosomeka, na fedha hiyo iweke kwa ajili ya diski mpya.

Kama huna diski ya nje leo, ninayo moja ya terabaiti 2 iliyo tupu hapa studio. Niandikie ujumbe wa faragha nikuelekeze, upande daladala uje uichukue kabla hakujawa usiku, na ukae nayo hata wiki mbili.