Jibu: Kijiji cha Ufaransa kinachoishi kwa jibini

Ndugu, umeuliza kama kuna kijiji kidogo cha Ufaransa ambacho uchumi wake wote umesimama juu ya bidhaa moja. Ningekuelekeza Roquefort-sur-Soulzon, katika mkoa wa Aveyron, kusini mwa nchi hiyo, chenye wakazi wasiofika elfu moja.

Kijiji kimejibanza chini ya mlima wa Combalou, ambao sehemu yake iliporomoka zamani sana na kuacha mapango yenye nyufa ndefu, ziitwazo kwa Kifaransa fleurines, zinazopitisha hewa baridi na yenye unyevu mwaka mzima. Humo ndimo jibini iitwayo Roquefort, ya maziwa mabichi ya kondoo wa aina ya Lacaune, hukomazwa. Ukiikata kipande, utaona mishipa ya ukungu wa kijani na buluu imetambaa ndani ya weupe wake.

Tangu 1925 sheria inalinda jina la Roquefort, na jibini isiyokomazwa katika mapango hayo hairuhusiwi kulitumia. Kwa maoni yangu, wanaostahili heshima kubwa zaidi ni wanawake walioitwa cabanières, ambao kwa vizazi vingi waliikwangua na kuigeuza jibini kwa mikono katika baridi ile.