Maswali ya Wasomaji: Kalamu ya Kujitegemea Hulipa Kiasi Gani?

SWALI: Shikamoo Mshauri. Mimi ni binti wa miaka 25, mkazi wa Igoma hapa Mwanza. Nina stashahada ya uandishi wa habari, na kwa sasa nimeajiriwa katika steshenari moja mjini kwa mshahara wa Sh 180,000 kwa mwezi. Mitandaoni naona watu wakisema kwamba mwandishi wa kujitegemea anayeanza anaweza kuingiza Sh 1,500,000 kwa mwezi akiwa nyumbani na kompyuta mpakato yake tu. Kompyuta nimeshainunua kwa mkopo wa kikoba. Je, niache kazi? Na kwa uhalisia nitegemee kupata kiasi gani katika mwaka wa kwanza?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na swali lako la mwisho, kwa kuwa jibu lake ndilo litakalolijibu lile la kwanza. Kwa ninavyoifahamu kazi hii, miezi mitatu ya mwanzo itegemee kukupa kati ya sifuri na Sh 100,000, na hapo nasema kwa miezi yote mitatu, si kwa kila mwezi. Ukivumilia, ukawa unakabidhi kazi safi kwa wakati, mwisho wa mwaka unaweza kupata mwezi mzuri wa Sh 250,000 au 300,000, ukafuatiwa na mwezi wa Sh 40,000. Wapo wanaofikisha hiyo 1,500,000, nami nawajua wawili watatu, lakini hakuna kati yao aliyeiona kabla ya mwaka wa nne. Kumbuka kwamba kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kilichotangazwa Mei Mosi 2025 ni Sh 500,000. Anayemwahidi mwanafunzi wa kazi mara tatu ya hapo, mara nyingi anayo kozi ya kuuza.

Basi kazi ya steshenari usiiache, walau kwa sasa.

Tuifanye hesabu pamoja, maana wengi huhesabu malipo ya neno moja wakasahau makato. Tuseme umepata mteja wa ng'ambo kupitia Fiverr, soko la kazi la mtandaoni, anayetaka makala ya maneno 1,000 kwa senti moja ya dola kwa neno, bei ambayo wanaoanza huipata sana. Hiyo ni dola 10. Fiverr hukata asilimia 20, zinabaki dola 8, ambazo tukizikadiria kwa Sh 2,500 kwa dola ni Sh 20,000. Bado hujazitoa. Akaunti za PayPal, huduma ya kulipana mtandaoni, zilizofunguliwa Tanzania kwa miaka mingi zimekuwa za kulipia, si za kupokelea, ndiyo maana wenzako wengi hupitia Payoneer, huduma nyingine ya namna hiyo, na kisha benki au simu, na kila mlango una ada yake. Weka kifurushi cha intaneti, weka LUKU ya umeme. Halafu jiulize umetumia saa ngapi: kusoma kuhusu jambo usilolijua, kuandika kwa Kiingereza, kurekebisha mara mbili kwa sababu mteja hakusema alichokitaka. Mimi sijawahi kumwona anayeanza akiimaliza kazi ya namna hiyo chini ya saa sita. Kilichobaki mkononi ni Sh 3,000 na kidogo kwa saa, kabla ya ada za kutoa fedha.

Hapo nimechukulia kwamba kazi imekuja. Kule Upwork, soko jingine la mtandaoni, kuiomba kazi kwenyewe kunalipiwa kwa vitu viitwavyo Connects, ambavyo kimoja huuzwa senti 15 za dola. Ombi moja likila Connects 12 ni dola 1.80, yaani Sh 4,500. Tuma maombi 20 yasiyojibiwa, jambo la kawaida kabisa kwa mgeni asiye na sifa yoyote kwenye ukurasa wake, na utakuwa umetumia Sh 90,000, nusu ya mshahara wako wa steshenari, bila kuandika hata aya moja ya kulipwa. Sisemi usiingie huko. Ingia ukijua kwamba ni mtaji, na kama ulivyo mtaji wowote, unaweza kuzama.

Zaidi ya hayo, tangu ChatGPT, programu ya akili bandia inayoandika yenyewe, ilipotolewa Novemba 2022, kazi za daraja la chini, kama vile maelezo mafupi ya bidhaa na makala za kujaza tovuti, ndizo zilizoanza kumezwa. Hizo ndizo zilizokuwa ngazi ya kwanza ya wanaoanza. Wanaokusimulia jinsi walivyoanza mwaka 2017 wanakusimulia kweli tupu, ila ngazi waliyoipanda imeondolewa vidato vya chini.

Sasa nije ninakotaka kukaa zaidi, nako ni soko la hapahapa ziwani, ambalo vijana hulidharau kwa sababu halilipi kwa dola. Uko steshenari; je, hujawaona akina mama wanaokuja kuchapisha katiba ya kikundi na andiko la mradi? Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi: nne za wanawake, nne za vijana na mbili za watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 ikarejeshwa mwaka 2024, na kikundi kisicho na katiba wala andiko linaloeleweka hukwama mapema. Mtu anayeweza kukaa na wanakikundi wa kukausha dagaa pale Mwaloni Kirumba, akawauliza gunia wanalinunua kwa kiasi gani, chanja zao zinaanika magunia mangapi kwa siku, mvua ikinyesha hasara ni kiasi gani, kisha akayaweka hayo katika kurasa nane za Kiswahili kilichonyooka chenye hesabu zinazokubaliana, huyo analipwa. Kwa bei ninazozisikia hapa mjini, andiko la namna hiyo ni kati ya Sh 50,000 na 150,000. Mawili kwa mwezi yanakupa zaidi ya nusu ya mshahara wako na yanaweza kuupita, na hayana Connects. Sharti langu ni moja: wasomee andiko lote kabla ya kulikabidhi, kwa sababu ofisa wa maendeleo ya jamii atawauliza wao, hatakuuliza wewe.

Kuna pia hoteli, shule binafsi, wauza pembejeo na wasafirishaji wa minofu ya sangara wanaohitaji vipeperushi, wasifu wa kampuni na barua zisizowaaibisha. Hawa hawatangazi kazi, hufuatwa. Mashirika na kampuni zikikulipa kwa huduma, utegemee kukatwa asilimia 5 ya kodi ya zuio, ile ambayo mlipaji huikata kabla ya kukukabidhi fedha, kwa hiyo fungua namba ya mlipakodi, ambayo TRA huitoa bure, na udai hati ya makato.

Magazeti nayaweka mwisho, ingawa ndiko moyo wako uliko, na stashahada uliyonayo ni sifa inayohitajika chini ya Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016. Mwandishi wa kujitegemea hulipwa kwa habari iliyochapwa, si kwa habari aliyoileta. Mimi mwenyewe makala yangu ya kwanza ilitoka Machi 2004, nikalipwa Julai. Nilisaini kwenye kaunta buku yenye majina ya watu walioidai ofisi ile kwa muda mrefu kuliko mimi, nikakabidhiwa bahasha ya Sh 8,000. Nauli za kwenda kuulizia zilikuwa zimeshakula zaidi ya nusu yake. Gazeti lichukulie kama mahali pa kujenga jina: kipande chenye jina lako ndicho utakachomwonyesha mwenye hoteli.

Kazi moja itakuja yenyewe, tena kwa kasi, kwa kuwa mji wetu una vyuo: kuwaandikia wanafunzi tafiti zao. Inalipa kuliko zote nilizozitaja, nami nakuomba uikatae. Uingereza ilitunga sheria mwaka 2022 inayoharamisha kuuza huduma hiyo. Hapa kwetu, mwanafunzi akibanwa, jina la kwanza atakalolitaja ni lako.

Kuhusu kukadiria maisha, wewe ni mtoto wa ziwani. Dagaa huvuliwa gizani kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka mitumbwi hukaa ufukweni. Kipato cha kalamu kina mbalamwezi zake: Desemba ofisi zimefungwa, na Julai bajeti mpya hazijaanza kutoka. Marejesho ya kikoba hayangoji. Lipa kompyuta kwanza kwa mshahara, andika jioni na mwisho wa wiki, na utakapoona miezi sita mfululizo kalamu imekupa Sh 180,000 au zaidi, niandikie tena lile swali la kuacha kazi.

SWALI: Mimi ni mwalimu, naishi Nansio, Ukerewe. Nimepewa kazi ya kutafsiri kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili kwa Sh 50 kwa neno. Mteja anasema atahesabu maneno ya tafsiri yangu. Je, ni sawa?

JIBU: Si sawa, Mwalimu, ingawa huenda mteja hana nia mbaya. Kiswahili hubeba mengi katika neno moja. Ukiandika “hatukuwaambia” umelipwa neno moja kwa jambo ambalo Kiingereza hulisema kwa maneno matano. Ukiandika “sitakuja” umepokea moja badala ya manne. Niliwahi kutafsiri hati ya maneno 1,000 ikatoka na maneno 840. Kwa bei yako, tofauti hiyo ni Sh 8,000 kwa kila maneno 1,000, na kadiri unavyoandika Kiswahili fasaha zaidi ndivyo unavyojipunguzia malipo. Mwombe ahesabu maneno ya hati ya chanzo, jambo lenye faida nyingine: nyote wawili mnalijua deni kabla kazi haijaanza. Akikupa tafsiri iliyofanywa na mashine uihariri tu, bei huwa pungufu, lakini soma kurasa mbili za katikati kabla hujakubali, kwani zipo ambazo ni afadhali kuanza upya.

Wewe binti wa Igoma nawe, kwa sababu hiyohiyo, makala za Kiswahili zitoze kwa makala nzima, si kwa neno.

SWALI: Mteja akirudisha kazi mara ya nne, nimdai nyongeza? Na malipo ya awali yanadaiwaje bila kumkwaza? Mimi ni kijana wa Musoma.

JIBU: Mama anayeuza dagaa akishakujazia sado, hukuongezea kiganja kimoja cha nyongeza, nawe huwezi kurudi kesho kudai sado ya pili. Andika katika makubaliano kwamba marekebisho ni mara mbili, na kuanzia ya tatu kila marudio yana bei yake. Malipo ya awali yadai kwa maneno haya tu: nusu siku ya kukubaliana, nusu siku ya kukabidhi. Kwa mteja mpya, nakala unayomwonyesha kabla ya nusu ya pili iwe ya karatasi. Faili apelekewe baada ya ujumbe wa malipo kuingia kwenye simu yako.