Unaishi Japani? Maliza kwanza stesheni za reli yako

Waswahili wanaofika Japani huniuliza zaidi kuhusu Kyoto na Mlima Fuji: niende mwezi gani, nauli kiasi gani, nilale wapi. Sikatazi mtu kwenda. Ila nawajua watu waliokaa hapa miaka wakisubiri hiyo safari kubwa. Jumatatu hadi Ijumaa kazini, Jumamosi usingizi, Jumapili kufua na kupika, na pesa ya safari haitimii kwa sababu treni ya kasi na hoteli si mchezo. Upweke unawakuta humo humo chumbani, na simu mkononi.

Ushauri wangu ni wa bei nafuu. Chukua reli inayopita karibu na kwako, ushuke stesheni zake moja moja, wikendi baada ya wikendi, mpaka uzimalize.

Yangu ni Nambu. Ni reli ya kilomita 35 na nusu katika eneo la Tokyo, kutoka Kawasaki hadi Tachikawa, ina stesheni 26, na hakuna mtalii anayekuja Japani kwa ajili yake. Ilifunguliwa mwaka 1927 na kampuni binafsi, kazi yake kubwa ikiwa kubeba changarawe za Mto Tama, kisha serikali ikaichukua mwaka 1944 wakati wa vita. Mpaka leo inaufuata mto ule ule. Abiria wake ni wafanyakazi, watoto wa shule na akina mama wenye mifuko ya soko.

Kabla ya kwenda mbali, tuzungumze nauli. Waajiri wengi hapa hulipia usafiri wa kwenda kazini, na mfanyakazi hununua teiki, yaani pasi ya mwezi mmoja, mitatu au sita kati ya stesheni ya nyumbani na ya kazini. Wanafunzi nao wana yao, kwa bei ya chini zaidi. Wageni wengi huitumia asubuhi na jioni tu, Jumamosi wakaiacha mezani. Pasi hiyo haijui siku ya kazi wala ya mapumziko: stesheni zote za katikati unashuka na kupanda bure, hata mara kumi kwa siku. Kwa hiyo ukipewa nafasi ya kuchagua pa kupanga, usiangalie kodi peke yake. Angalia pia pasi yako itapita wapi.

Nikiambiwa nichague stesheni moja tu, nitataja Noborito. Hapo unabadilisha kwenda reli ya Odakyu, kituo kimoja hadi Mukogaoka-Yuen, kisha unatembea kama robo saa hadi Nihon Minka-en. Haya ni makumbusho ya wazi ya nyumba za kale, yaliyofunguliwa mwaka 1967. Nyumba za wakulima na wafanyabiashara zilifunguliwa vipande vipande huko zilikokuwa, zikasafirishwa na kusimamishwa upya kwenye kilima chenye miti mingi. Nyingi zimeezekwa kwa nyasi. Zilizotoka kwenye theluji kubwa zina paa la mwinuko mkali mno, theluji isikae juu na kuilemea nyumba.

Kinachonirudisha pale ni moto. Ndani ya baadhi ya nyumba kuna wazee wa kujitolea wanaowasha kuni kwenye shimo la moto katikati ya sakafu. Si mapambo. Moshi unapanda hadi kwenye paa, unakausha nyasi na kufukuza wadudu, na nyumba isiyopata moshi huharibika upesi. Juu ya moto kinaning'inia kichanja cha mbao. Nilimweleza mzee mmoja, kwa Kijapani changu cha kuungaunga, kwamba bibi yangu kule Korogwe alikuwa na kichanja kama hicho juu ya mafiga, cha kukaushia mahindi. Akanisogezea nafasi nikae, akaanza kunihoji: mahindi ya rangi gani, panya mlikuwa mnawazuiaje, moshi hauwaumizi macho? Kazini nimekaa na watu muda mrefu bila kuulizwa maswali mengi hivyo. Mjapani wa mjini ana haya na mgeni, lakini mpe kitu cha kuzungumzia mbele ya macho yenu wote wawili, atafunguka. Jumatatu huwa pamefungwa, na ngazi zimejaa, kwa hiyo vaa viatu vinavyovulika haraka kwa sababu utavua na kuvaa siku nzima ukiingia na kutoka kwenye nyumba hizo.

Stesheni nyingine nitazipitia upesi. Shukugawara ni ya mwisho wa Machi na mwanzo wa Aprili, maua ya sakura yanapoinamia mfereji wa Nikaryo. Mfereji huo ulianza kuchimbwa mwaka 1597 na kukamilika 1611, kwa ajili ya mashamba ya mpunga. Pale hakuna msongamano kama wa Ueno, bustani maarufu ya Tokyo. Inagi-Naganuma ni ya mwishoni mwa Agosti, wakulima wanapouza nashi, yaani mapeasi ya Kijapani, karibu na mashamba yao. Ni makubwa, yana maji mengi, na bei si ya kitoto. Yaho kuna hekalu la Yaho Tenmangu, wanafunzi huja kuombea mitihani huku kuku wakizurura uwanjani kama wako kwao. Tachikawa, mwisho wa reli, kuna bustani kubwa ya Showa Kinen, iliyofunguliwa mwaka 1983 mahali palipokuwa kambi ya ndege ya Wamarekani. Kiingilio cha mtu mzima ni yeni 450, baiskeli zinakodishwa ndani, na Novemba miti ya ginkgo hugeuka manjano tupu.

Chakula beba cha kwako. Si kwa ubahili tu. Kula ukiwa umekaa kando ya Mto Tama ni raha kuliko foleni ya mgahawa. Badala ya mchicha au sukuma tumia komatsuna, ipo kila duka la mboga, ichemshe kidogo tu. Chapati zinawashinda wengi kwa sababu unga wa ngano hapa umegawanywa: hakuriki ni laini wa keki, kyoriki ni mgumu wa mkate. Changanya nusu kwa nusu, au tafuta churiki, unaotumika kwa tambi za udon. Mchele wa hapa unashikana, haufai pilau. Basmati, unga wa sembe, viungo na nyama ya halali utavipata Shin-Okubo, kituo kimoja kutoka Shinjuku, kwenye maduka ya watu wa Asia Kusini.

Ndugu zangu Waislamu, jifunzeni kutambua herufi 豚, ya nguruwe, kabla ya nyingine zote, maana imejificha mpaka kwenye supu na biskuti. Na muutenge wikendi mmoja kwa msikiti wa Tokyo Camii, hatua chache kutoka stesheni ya Yoyogi-Uehara. Msikiti wa kwanza mahali hapo ulijengwa mwaka 1938. Jengo la sasa, la mtindo wa Kituruki, lilifunguliwa mwaka 2000, na Ramadhani watu wa mataifa yote hufuturu pamoja hapo.

Sasa mambo ya adabu na sheria, ambayo ndiyo hugeuza matembezi kuwa karaha.

Kadi ya ukaazi isitoke mwilini, hata ukienda kununua maziwa. Sheria inakutaka uwe nayo muda wote, na faini inaweza kufika yeni 200,000. Polisi watakusimamisha siku moja, hasa ukiwa mweusi na uko juu ya baiskeli. Ongea taratibu, onyesha kadi, endelea na safari. Baiskeli yenyewe iwe na usajili wa jina lako. Rafiki anayerudi nyumbani akikuachia ya kwake, msiagane kabla hajakuandikia karatasi ya kukupa na usajili kubadilishwa, la sivyo utaeleza barabarani kwa nini unaendesha mali ya mtu mwingine. Kushika simu ukiwa unaendesha ni kosa lenye adhabu kali tangu Novemba 2024.

Ndani ya treni hatupigi simu. Nyumbani wako nyuma yetu kwa saa sita, kwa hiyo usihangaike asubuhi: saa kumi jioni hapa ni saa nne asubuhi Dar na Mombasa, mama ameshakunywa chai, nawe umekaa kwenye nyasi za mtoni unaweza kucheka kwa sauti yako yote. Na kuna siku humo kwenye treni kiti cha pembeni yako kitabaki kitupu ilhali watu wamesimama, kwa kumwonea haya mgeni. Mimi huweka kitabu mapajani na kunyoosha miguu.

Mapipa ya takataka mitaani ni adimu, basi uwe na mfuko wa kurudi na uchafu wako. Ukifika nyumbani uchambue: za kuchoma, plastiki, chupa, makopo. Kila mtaa una kalenda yake ya kutoa, na jirani atakusamehe kelele kabla hajakusamehe mfuko uliowekwa nje siku isiyo yake. Ukichoka, pita bafu la umma la mtaani, sento, chini ya yeni 600. Jioshe vizuri kwa sabuni kwanza ukiwa umekaa kwenye kigoda, ndipo uingie kwenye maji ya moto, na kitaulo kisiguse maji. Aibu ya kuwa uchi mbele ya wazee huisha ukishaona hakuna anayekutazama.

Juni hadi katikati ya Julai ni mvua. Baada ya hapo linakuja joto zito la unyevu, na msinidharau kwa kuwa mmetoka pwani: hapa hakuna upepo wa bahari kati ya majengo, na usiku haupoi. Beba maji, toka alfajiri. Kisha kuna misimu mitatu ambayo Japani nzima husafiri kwa wakati mmoja: mwisho wa Aprili hadi mwanzo wa Mei, katikati ya Agosti, na mwaka mpya. Hoteli hupanda bei, treni za kasi hujaa. Hapo ndipo reli ya mtaani inapokulipa. Tarehe 5 Mei, wenzako wakiwa wamebanana, shuka Fuchu-Honmachi, utembee hadi hekalu la Okunitama. Usiku hutolewa mikoshi, yaani vihekalu vizito vinavyobebwa mabegani na mamia ya wanaume, mbele yao ngoma kubwa kupita urefu wa mtu, na mpigaji akiipiga unaisikia kifuani. Aliyekulia kwenye ngoma hahitaji mkalimani.

Mwaka mpya nao, nenda upande wa pili wa reli, Kawasaki. Tarehe 2 Januari ni Hakone Ekiden, mbio za kupokezana za vyuo vikuu, zaidi ya kilomita 200 kwa siku mbili kutoka Otemachi, Tokyo, hadi Ziwa Ashi na kurudi. Wakenya wako humo tangu mwaka 1989, Joseph Otwori alipokimbia kwa niaba ya chuo cha Yamanashi Gakuin. Ndiyo maana wazee watakuuliza kama na wewe unakimbia. Wajibu upendavyo, mimi huwaambia nakimbilia treni tu. Wanatoka Otemachi saa mbili asubuhi na kuvuka daraja la Rokugo kuingia Kawasaki karibu saa tatu kasoro. Simama kando ya barabara kuu namba 15 mapema, maana mstari wa mbele hujaa, na kuangalia ni bure. Vaa nguo mbili tatu na glovu. Kundi lote linapita kwa dakika chache, kwa hiyo usiende kununua kahawa wakati mbaya. Usingizi ukikushinda siku hiyo, tarehe 3 wanarudi kwa njia ile ile, na Kawasaki hupita kama saa sita na nusu mchana.