Gari Limeharibika, Yadi Imekukana: Utashika Njia Ipi?

Anayenunua gari lililotumika katika yadi za Nairobi huambiwa mapema kwamba gari huuzwa lilivyo, na likishatoka langoni muuzaji hahusiki tena. Maneno hayo huandikwa hata kwenye mkataba wa mauzo, lakini hayana nguvu ambayo wenye yadi huyapa. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 31, inamtaka muuzaji ambaye biashara yake ni magari atoe gari lenye ubora unaofaa kuuzwa, na Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya mwaka 2012 inabatilisha sharti lolote la mkataba linalojaribu kufuta wajibu huo. Kuna jambo moja tu la kuangalia: ukilikagua gari kabla ya kununua, huwezi kudai kwa kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuifichua. Bodi iliyobonyea ni hasara yako. Giaboksi iliyooza kwa ndani ni suala jingine.

Gari nililouziwa lilionyesha kilomita 71,000 kwenye dashibodi. Giaboksi ilipoanza kugonga nililipeleka gereji, na fundi alipoinua boneti alikuta kibandiko cha Kijapani cha kubadilisha oili, kimeshika vumbi na grisi, kikisoma 142,000. Tulikilinganisha na cheti cha Japani cha kusafirisha gari nje, ambacho huandikwa kilomita na huwa kwenye faili ya uagizaji, na tarakimu zikaafikiana na kibandiko. Kumdanganya mnunuzi kuhusu kiasi ambacho gari limetumika ni uwakilishi wa uongo chini ya sheria hiyo ya 2012, na aliyedanganywa anaweza kuuvunja mkataba iwapo atatoa notisi ndani ya mwaka mmoja tangu kuuingia.

Hapo ndipo uamuzi unapohitajika haraka. Ukitaka kurudisha gari, liegeshe na uandike barua mara moja, kwa kuwa ukiendelea kulitumia bila kulalamika utahesabiwa umelikubali, na kitakachobaki ni fidia. Mimi nilichagua fidia, na sababu yangu ilikuwa ya kimahakama zaidi: Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, bei ya gari langu ilipita kiwango hicho, ilhali gharama ya giaboksi haikukikaribia. Katika mahakama hiyo unaweza kujisimamia bila wakili, na sheria inataka shauri liamuliwe ndani ya siku 60. Nilipeleka ripoti ya fundi iliyotiwa sahihi, picha za kibandiko, stakabadhi za malipo na nakala ya barua ya madai.

Kabla ya kufungua kesi, hakikisha unamshtaki nani. Yadi nyingi huuza magari ya watu wengine kwa kamisheni, na mzozo ukizuka hudai kwamba wao ni mawakala tu. Tazama jina la muuzaji kwenye mkataba, jina la akaunti iliyopokea fedha, na jina lililo kwenye logibuku, yaani hati ya umiliki wa gari, kisha utafute kumbukumbu za usajili wa biashara hiyo kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Kumshtaki mwenye jina la bango ambalo halijasajiliwa popote ni kupoteza ada bure.

Malalamiko yanaweza pia kupelekwa kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, ambayo hushughulikia ulinzi wa watumiaji. Kwenda polisi ninakushauri pale tu ambapo gari ni la wizi au muuzaji alichukua fedha akijua hana gari la kutoa. Kwa giaboksi mbovu watakuambia uende mahakamani, na hawatakuwa wamekosea.

Yadi ilipopokea hati ya kuitwa mahakamani iliomba kulipa kwa awamu. Nilikubali, kwa sharti kwamba makubaliano hayo yaandikishwe kama amri ya mahakama, badala ya kuondoa kesi kwa ahadi ya mdomo. Awamu ya pili ilipochelewa, nilituma nakala ya amri hiyo na kuwakumbusha kwamba hatua inayofuata ni dalali wa mahakama kukamata mali yao. Walilipa wiki hiyo hiyo.