Betri ya kuunda mwenyewe: usipime jumla, pima kila kundi

Shemeji yangu anakaanga chipsi usiku hapa Morogoro, na betri ya taa za kibanda chake nilimuundia mimi. Nilitoa seli 18 kwenye betri tatu za laptopu mbovu, nikaziunga sita sita sambamba, kisha makundi matatu kwa mfululizo. Ikijaa ni volti 12.6. Mwezi wa kwanza iliwasha taa mpaka anafunga. Wa pili ikaanza kukata saa tatu usiku, mafuta bado ya moto. "Shemeji, betri yako inalala kabla ya wateja."

Nikaichaji, nikapima ncha kwa ncha: 12.2. Ungedhani imepungua kidogo tu. Nilipogusisha mita kundi moja moja nikakuta 4.20, 3.83 na 4.19. La kati lilikuwa na njaa. Wenzake wakijaa, kadi ya ulinzi inakata chaji. Taa zikiwaka, lenyewe linaisha kwanza na kadi inazima betri nzima, wenzake wakiwa bado na moto wa kutosha.

Utasema si kuna BMS, yaani hiyo hiyo kadi ya ulinzi? Ipo, lakini iangalie vizuri. Kadi nyingi za bei poa hazisawazishi chochote, zinakata tu. Yangu inasawazisha, yaani inapunguza chaji ya makundi yaliyojaa ili la nyuma liyafikie, kwa virezista vilivyoandikwa 101, yaani omu 100. Gawanya 4.2 kwa 100: miliampia 42. Pengo langu nililikadiria ampia-saa 4, kwa hiyo ni kama saa 95 kwenye chaja. Shemeji anachaji saa sita.

Basi nikachomoa taa na chaja, nikalichaji kundi la kati peke yake kwa chaja ya seli moja, ile inayokomea 4.2. Yakalingana. Wiki mbili baadaye, betri ikiwa imekaa tu kabatini, nikapima tena: 4.17, 3.94, 4.16. Hapo kusawazisha ni kujaza ndoo iliyotoboka. Nikabandua vibati vya nikeli vya kundi lile, nikaziandika seli namba, nikaziacha mezani siku tano. Tano zilitulia. Namba 4 ilishuka mpaka 3.61.

Usichomeke seli mbadala hivi hivi. Tofauti ya nusu volti tu inaweza kusukuma ampia saba hivi ghafla kati ya seli za namna hii. Mimi siungi sambamba seli zilizopishana zaidi ya volti 0.05.

Ningeanza upya, ningechaji kila seli mpaka 4.2, nikaiacha wiki mbili, inayoshuka naitupa upande. Zilizobaki ningezipima uwezo na kuzigawa ili jumla ya kila kundi ikaribiane. Niliyoikuta chini ya volti 2 hata siijaribu. Na kuchaji ni mchana, mtu yupo, mbali na karai la mafuta. Hilo tulibishana kidogo.

Sasa kila Jumapili shemeji ananitumia namba tatu kwa meseji. Za juzi: 4.18, 4.18, 4.17.