The Italian Job ya 2003: bado inafaa?

Uliyeuliza kama filamu ya The Italian Job ya 2003 bado inafaa: itazame. Wizi wa Venice mwanzoni umesukwa vizuri, na vile vigari vitatu vya Mini vikishuka ngazi za stesheni ya chini ya ardhi Los Angeles, utasogea ukingoni mwa kiti. Ila kilichonigusa zaidi ni Stella, fundi wa kufungua makasha ya fedha, mwishoni, anapoacha vyombo vyake na kufungua kasha kwa vidole na masikio tu, kama baba yake, yule mwizi mzee aliyeuawa baada ya wizi wa Venice. Hapo ndipo kisasi kina uzito. Kwingine kimepoa, msiba wa yule mzee unasahaulika mapema mno. Mwigizaji Edward Norton naye kapewa nafasi ya adui mwepesi, hatishi kabisa, na inauma maana uwezo anao.